Futeni dai la somo jipya

Wadogo zangu, nimesoma rasimu ya waraka mnaotaka kuwapelekea wakuza mitaala. Dai la kwanza ni lilelile la miaka yote: "Tunataka somo la mabadiliko ya tabianchi." Lifuteni kabla hamjautuma.

1. Anzeni na ratiba. Sisi tuliingia na dai hilo katika ofisi moja ya mitaala, mabango kwapani, hotuba tumezikariri. Mama aliyetupokea alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akatandaza ratiba ya wiki mezani, akatusogezea penseli: "Haya, futeni vipindi mnavyotaka nivitoe." Tukatazamana. Mmoja akatetea fizikia, mwingine historia, penseli haikuguswa. Akafungua muhtasari wa jiografia, akauliza ni mada ipi tunaona haitoshi. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameusoma. Kikao kikafa pale pale, na kupata kingine kukawa kazi kweli kweli. Linaloniuma hadi leo ni kwamba mama yule alikuwa upande wetu. Alihitaji ukurasa na mstari wa kumpelekea mkubwa wake, nasi tukampa kaulimbiu.

Tazameni Italia. Sheria yake ya 2019 iliingiza maendeleo endelevu ndani ya elimu ya uraia, saa zisizopungua 33 kwa mwaka, na saa hizo zinatoka kwenye ratiba iliyopo.

2. Someni mihtasari ya masomo yote, si jiografia tu. Hewa ukaa ina nafasi kwenye kemia, takwimu za mvua kwenye hisabati. UNESCO ilipopitia mitaala ya nchi 100 mwaka 2021, karibu nusu haikutaja kabisa mabadiliko ya tabianchi. Mtaala wenu uko upande gani? Mkijua hilo, nusu ya hoja mnayo.

3. Nukuuni Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Paris, ule wa mataifa kuhusu tabianchi. Serikali zilikubali zenyewe kushirikiana kuboresha elimu hii.

4. Msimseme mwalimu vibaya, tafadhali sana. Wengi wanatamani kuifundisha mada hii ila hawakuandaliwa, na mada mpya bila mafunzo kazini inamwachia yeye aibu mbele ya darasa. Dai la mafunzo likae juu kabisa ya waraka.

5. Ulizeni habari ya mtihani. Kisichotahiniwa hurukwa muhula ukibana.

Rasimu ya pili nileteeni ikiwa na namba za kurasa. Nitaisoma usiku huohuo.