Maswali ya Wasomaji: Mkopo Apewe Mwenye Alama au Mwenye Shida?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika kikao cha wazazi shuleni kwetu yalizuka mabishano makali. Baadhi walisema mkopo wa elimu ya juu utolewe kwa kufuata alama za kidato cha sita, kwa kuwa mtihani ni mmoja na kila mtoto alipata nafasi ileile. Wengine walitaka atazamwe kwanza mwenye shida. Mimi niliona hoja ya pili inataka watu wote walingane mwishoni, jambo lililotushinda enzi za Ujamaa. Je, nilikuwa sahihi?
Mzazi, Morogoro

JIBU: Ndugu Mzazi, hofu yako ina msingi, ila umeielekeza pasipo pake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liligusa kweli kile ambacho mtu anaishia kuwa nacho: kiongozi alikatazwa kupokea mishahara miwili, kuwa na hisa katika kampuni na kumiliki nyumba ya kupangisha, masharti ambayo yalikuja kulegezwa na kikao cha CCM kilichofanyika Zanzibar mwaka 1991. Huko ndiko kusawazisha matokeo. Mwanafunzi anayepewa mkopo kwa sababu ya uhitaji haongezewi alama wala hahakikishiwi ajira. Analipiwa ada, chakula na malazi ili asome katika chuo alichodahiliwa kwa ufaulu wake mwenyewe, na baadaye atadaiwa. Akifeli, amefeli. Sheria ya mwaka 2004 iliyounda Bodi ya Mikopo ilijengwa juu ya uhitaji, na ndiyo maana waombaji huulizwa habari za uyatima, ulemavu na hali ya kaya.

Hoja ya kwamba nafasi ilikuwa ileile ndiyo inayohitaji kuchunguzwa zaidi. Ada katika shule za serikali, ambayo kwa sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, na kwa kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, ingia darasa la kidato cha kwanza mwezi Januari, mwalimu wa baiolojia anapouliza kwa Kiingereza jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Aliyesoma shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza ananyoosha mkono; jirani yake wa dawati lilelile, ambaye mwaka uliopita angelieleza jambo hilo lote kwa Kiswahili bila kukwama, anainamia daftari. Miaka minne baadaye watapewa karatasi moja ya mtihani, na tutasema walishindana sawasawa.

Kwa hiyo sishauri matokeo yalazimishwe kulingana, bali yatumike kama kipimo. Ikiwa mwaka baada ya mwaka ufaulu unafuata kipato cha wazazi, basi fursa tunayojivunia haijafika inakotakiwa. Alama nazo zina mahali pake: ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, unawalenga waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi, nami sioni ubaya kuwapo kwa mfuko wa aina hiyo kando ya mikopo.

Ukitaka mfano wa matokeo yanayohakikishwa, tazama Ibara ya 66 ya Katiba, inayotaka wabunge wanawake wa viti maalumu wasipungue asilimia 30 ya idadi ya wabunge wa makundi mengine. Idadi hupatikana, lakini mbunge huyo huingia kwa orodha ya chama chake na hana jimbo. Naukubali utaratibu huo, japo kwa shingo upande, kwa kuwa haugusi gharama na vikwazo vinavyomkabili mwanamke anayetaka kugombea jimboni.

Kwenye mikopo, ningewashauri mbishanie zaidi namna ya kuutambua uhitaji. Mtumishi wa umma ana hati ya mshahara inayosema kila kitu. Mkulima wa mpunga hana, na kipato chake mwaka wa mvua nzuri si kile cha mwaka wa ukame. Mtoto aliyesomeshwa shule binafsi kwa michango ya ukoo anaweza kuonekana wa tajiri, na mfanyabiashara asiyeweka kumbukumbu akaonekana fukara. Kosa la hapo humnyima fursa anayestahili hata pale ambapo kanuni yenyewe ni ya haki.