Protini ya kurekebisha DNA inapitaje penye histoni?

Umeuliza swali zuri: kama DNA imezungushwa kwenye histoni (protini zinazofungasha DNA), fundi, yaani protini ya kurekebisha, anapita wapi? Jibu fupi ni kwamba mara nyingi hapiti, anaruka.

Kwenye DNA iliyo wazi, protini kama OGG1 (hii hutafuta guanini, moja ya besi au “herufi” za DNA, iliyoharibiwa na oksijeni) huteleza huku ikizunguka kufuata msokoto wa DNA, kama nati inavyotembea kwenye bolti. Ila ikifika kwenye nukleosomu inakwama. Pale jozi za besi kama 147 zimejiviringisha karibu mara mbili kwenye kifurushi cha histoni nane, na upande mmoja wa DNA umebanwa na histoni. Kwa hiyo inaachia, inaelea kidogo, inashika kwingine.

Na usidhani kifurushi kimefungwa kwa misumari. Ncha za DNA hufunguka zenyewe kila baada ya takriban robo sekunde, kisha hujifunga tena ndani ya milisekunde 10 hadi 50. Hapo ndipo protini hupenya. Katikati ya nukleosomu pagumu zaidi. Huko zinahitajika mashine za protini zinazotumia ATP (nishati ya seli) kusukuma histoni pembeni.

Kwa uharibifu wa jua kuna protini ya UV-DDB, ninayoipenda kuliko zote: inaweza kulishika kovu la uharibifu huo hata DNA ikiwa bado imeviringishwa. Kasoro kwenye jeni yake ya DDB2 huleta aina mojawapo ya xeroderma pigmentosum, ugonjwa ambao jua la kawaida tu huleta saratani ya ngozi.