Maswali na majibu: Barafu kwenye figo, na damu mnayoidharau

Shikamoo. Baba ana miaka 71, figo moja ilishatolewa. Kwenye iliyobaki ameonekana na uvimbe wa sentimita 2.8, na daktari anasema unaweza kugandishwa bila kupasua. Ni kweli, au anatufariji? (Mafinga)

Marahaba. Ni kweli, na mtu kama baba yako ndiye anayefaa hasa. Daktari huongozwa na picha za CT au altrasaundi, akapitisha sindano nyembamba kwenye ngozi mpaka ndani ya uvimbe. Gesi ya argoni iliyobanwa hupoa vikali inapotanuka kwenye ncha ya sindano, na donge la barafu likaota hapo. Donge linaonekana kwenye picha, na lazima livuke ukingo wa uvimbe kwa milimita kadhaa, kwa sababu pembeni kabisa ni nyuzi 0 tu na baridi hiyo haiui seli. Hugandishwa kwa dakika 10 hivi, likayeyushwa, likagandishwa tena. Figo inabaki, na kwa mwenye figo moja hilo ndilo kubwa kuliko yote: akiikosa, anaingia kwenye mashine ya kusafisha damu.

Hatari zipo: kuvuja damu, au kuumiza utumbo na mrija wa mkojo ulio jirani. Uvimbe unaweza kurudi palepale, na hilo hutokea zaidi kidogo kuliko ukikatwa, ila unaweza kugandishwa tena. Ulizeni pia kama kinyama kitachukuliwa kupimwa kabla ya kugandisha.

Nina uvimbe kwenye figo, nifanyeje? (Mbalizi)

Nimeomba mara nyingi: andikeni sentimita ngapi, na kama ni uvimbe wa maji au wa nyama. Ule wa maji matupu kwa kawaida hauna madhara. Majibu ya kipimo ni yako. Yaombe, yasome, yatunze.

Mjomba ana uvimbe wa sentimita 9. Agandishwe ili aepuke kisu? (Tukuyu)

Hapana. Tiba hii ni ya uvimbe mdogo, hasa usiozidi sentimita 3, kwa wengine mpaka 4. Mpelekeni kwa daktari bingwa wa upasuaji wa mkojo, na msipitie kwa mganga kwanza.

Nilikojoa damu siku mbili bila maumivu. Nikanywa dawa za kichocho, ikaacha. Nimepona? (Makambako)

Ulipimwa hicho kichocho, au uliuziwa dawa dirishani? Damu ya saratani ya figo au ya kibofu huja na kukata yenyewe, na kutouma ndiko kunakowalaza watu. Wengine hungoja mpaka uvimbe ushikike kwa mkono ubavuni, wakati nafasi ya sindano imeshapita. Nenda wiki hii ukapime mkojo na altrasaundi ya figo na kibofu, hata kama mkojo ni mweupe. Kama unavuta sigara, au presha iko juu, usisubiri hata hiyo wiki iishe.

Mama aligandishwa miezi mitatu iliyopita, picha bado inaonyesha kitu. Tumetapeliwa? (Iringa)

Hapana. Nyama iliyokufa husinyaa polepole, pengine kwa miezi mingi. Kinachotazamwa ni kama inapokea dawa ya kung'arisha picha inayochomwa kwenye mshipa. Ikipokea, kuna seli hai. Asikose kliniki hata moja, kwa miaka, hata akijisikia mzima.