Ukiharisha Baada ya Kujifungua, Usiulaumu Mtori Kwanza

Nilijifungua kwa upasuaji hapa Moshi, nikaruhusiwa kurudi nyumbani na vidonge vya antibayotiki, na siku ya tisa nikaanza kuharisha maji matupu mara saba au nane kwa siku. Mama mkwe, aliyekuwa ameshuka kutoka Kibosho kuja kunilisha kama desturi yetu ilivyo, aliona kosa ni la maziwa aliyotia kwenye mtori, akaanza kuupika bila maziwa. Mimi nilimtuma shemeji duka la dawa akaniletee vidonge vya kufunga tumbo. Sote wawili tulikosea, ila kosa langu ndilo lililokuwa la hatari.

Siku ya tatu nilifika kwa daktari nikiwa na homa, tumbo limejaa kama ngoma. Hakuuliza nimekula nini. Aliuliza nimemeza dawa gani. Alinieleza kwamba antibayotiki inayokinga kidonda huua pia bakteria wema wa utumbo, na nafasi yao huweza kuchukuliwa na bakteria aitwaye klostridiamu difisile, ambaye sumu yake huchubua utumbo mpana. Kwa hiyo kufunga tumbo ni kuifungia sumu hiyo ndani. Kipimo cha choo kilithibitisha, nikaandikiwa vankomaisini ya kumeza kwa siku 10, na kwa kuwa dawa hiyo ikimezwa huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo mno, niliendelea kunyonyesha.

Lililonishangaza zaidi ni habari ya sanitaiza. Tulikuwa tumeweka chupa mlangoni, na kila mgeni aliipaka kabla ya kumpakata mtoto, kumbe vijimbegu vya bakteria huyu, yaani umbo lake gumu la kujihifadhi, haviuawi na spiriti iliyomo. Huondolewa kwa sabuni na maji yanayotiririka, na chooni kwa jiki.

Mjamzito anayetibiwa maambukizi ya mkojo kwa antibayotiki naye yumo katika hatari hii. Ukiharisha maji mara tatu au zaidi kwa siku, iwe ungali unameza antibayotiki au umeimaliza miezi miwili iliyopita, kunywa maji ya ORS na uende hospitali. Usijiachishe dawa wala usijiongezee nyingine.

Ugonjwa huu huwarudia takriban mgonjwa mmoja kati ya watano, nami ulinirudia wiki ya tatu baada ya kumaliza tiba. Safari hiyo nilikwenda siku ileile, pakiti tupu za dawa zote nilizomeza zikiwa zimefungwa kwenye pindo la kanga.