Maswali ya Wasomaji: Mashimo ya Chololo kwa mtama

SWALI: Shamba langu lina mteremko kidogo. Mvua huanza Desemba, lakini Februari hukata wiki mbili tatu na mtama unanyauka. Mashimo ya Chololo, yale madogo ya kupandia yanayokusanya maji ya mvua, yatanisaidia?
Mkulima, Chamwino

JIBU: Yatasaidia, ndugu, mradi uchimbe kabla ya mvua, mistari ikikata mteremko. Shimo liwe na upana wa sentimita 22 na kina cha 30. Shimo hadi shimo sentimita 60, mstari hadi mstari 90. Hiyo ni karibu mashimo 7,500 kwa ekari, kazi si mchezo, kwa hiyo anza na robo ekari. Udongo unaotoka uweke upande wa chini ukinge maji. Tia majivu kidogo kufukuza mchwa, kisha samadi iliyooza na mabua (kama ng'ombe wamekubakizia), halafu funika kwa udongo.

Wengi huharibu hapo: hujaza shimo hadi mdomoni, maji yakapita juu yakaenda zake. Bakiza nafasi ya maji kutuama. Samadi mbichi nayo huunguza miche.

Kwenye mchanga mtupu usihangaike, kuta zitabomoka.