Mama mkwe kaondoka bila chai

Shikamoo shangazi. Nimeolewa kwenye ukoo wa Kiirani, ukoo mkubwa hasa, wifi mmoja kaolewa na Mjerumani, shemeji kaoa Mfilipino, tukikutana lugha nne zinapigana mezani. Nawapenda sana ila nimeboronga. Nilimsifia wifi mkubwa mtandio wake wa hariri, akauvua palepale akasema "pishkesh", chukua ni wako, nikashukuru nikajifunga, mume wangu kanikodolea macho! Wiki ileile mama mkwe kaja kwangu, nikamuuliza mama utakunywa chai, akasema hapana mwanangu usijisumbue, basi nikarudisha birika jikoni. Kumbe kaondoka na kiu yake na sasa ukoo mzima unaijua hiyo stori. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Pole, ila nimecheka mpaka machozi. Hiyo inaitwa taarof. Mwirani mwenye adabu anakataa kwanza, hata mara mbili tatu, na anayetoa anang'ang'ania mpaka ijulikane nani anamaanisha. Hata mwenye duka ukimuuliza bei anaweza kukwambia "ghabel nadare", yaani si kitu hicho mbele yako, na bado unalipa. Mlangoni ndo kisanga, watu wazima wanne wamesimama kila mmoja "befarmaid", tangulia wewe, hapana wewe, na wali unapoa ndani. Huyo Mjerumani nae muulize pembeni, siamini kama hajawahi kutumbukia.

Mtandio urudishe mwenyewe, mkononi kwa wifi, mwambie nilipitiwa, wewe ndo unakupendeza. Atakataa, mshikilie tu. Akikataa mpaka mara ya nne basi kakupa kweli, vaa.

Mama mkwe usimuulize tena chai! Chemsha, mimina kwenye kiglasi ile rangi ionekane, weka na vipande vya sukari maana wengi wanang'ata kipande kwenye meno chai inapita hapohapo, msogezee mbele yake unyamaze. Halafu Nowruz, yaani mwaka mpya wa Kiirani, inaangukia Machi 20 au 21 na wadogo ndo wanaenda kwa wakubwa, basi nyumba ya kwanza wewe na mumeo iwe yake. Akikukatia tahdig, ule ukoko wa wali wa chini ya sufuria uliokauka rangi ya dhahabu, ujue kesi imefutwa. Kataa mara moja tu mwanangu, maana hapo mezani kuna watu thelathini wanauangalia.