Maswali ya Wasomaji: Kutayarisha Kipindi cha Redio cha Moja kwa Moja

SWALI: Ndugu Mhariri, ninajitolea katika redio ya jamii mkoani Tanga, ambako hadi sasa kazi yangu imekuwa kurekodi mahojiano na kuyahariri. Mwezi ujao nimepangiwa kutayarisha kipindi cha asubuhi cha saa nzima, cha moja kwa moja, chenye mgeni studioni na simu za wasikilizaji, na mtayarishaji aliyekuwa nacho amehama. Nijifunze vipi kazi isiyo na nafasi ya kurudia? – Msomaji, Pangani.

JIBU: Ndugu msomaji, uhariri umekuzoesha kurekebisha mambo baada ya mahojiano, sasa marekebisho hayo utayafanya kabla, na sehemu kubwa yake ni hesabu. Saa nzima haina dakika 60 za mazungumzo. Ukitoa dakika 3 za muhtasari wa habari, 8 za matangazo ya biashara, 4 za wimbo mmoja na 3 za kufungua na kufunga kipindi, unabakiwa na 42. Na simu saba, kila moja ikichukua dakika 2 pamoja na jibu la mgeni, zitakula 14 kati ya hizo. Mtangazaji asiyepewa hesabu hiyo kwa maandishi humwachia mgeni sehemu kubwa ya kipindi, kisha huwakimbiza wasikilizaji.

Dakika za mwisho huhesabiwa kwa kurudi nyuma. Tuseme taarifa ya habari inaanza saa nne kamili, na wimbo wa utambulisho wa kipindi, usio na maneno, una urefu wa dakika 2 na sekunde 20. Fundi mitambo auanzishe saa tatu, dakika 57 na sekunde 40, sauti yake ikiwa imefungwa, kisha aifungue taratibu mtangazaji anapoaga. Maneno ya kuaga yakirefuka au yakifupika, wimbo utamalizika pale pale habari zinapoingia. Watangazaji wa pwani wanaokuwa hewani jioni za Ramadhani wanalielewa jambo hili vizuri, kwani adhana ya magharibi haimsubiri mgeni amalize sentensi.

Jambo linalowashinda wanafunzi wengi, kwa maoni yangu, ni kuzungumza na mtangazaji kupitia hedifoni. Usimsemeshe wakati yeye mwenyewe anazungumza, kwa maana atababaika na msikilizaji atasikia. Subiri mgeni ajibu, kisha tamka maneno mawili au matatu tu: “dakika moja”, “simu, Muheza”. Maelezo marefu yaandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa.

Kuhusu mazoezi, sikiliza kipindi cha stesheni nyingine ukiwa na saa na kalamu, uandike kila kilichopita hewani na muda wake, hadi uweze kukisia kinachofuata. Kisha omba studio isipotumika, mwendeshe kipindi chote bila kurusha chochote, mwenzenu mmoja akipiga simu kama msikilizaji mkorofi na mwingine akijifanya mgeni aliyechelewa. Mgeni kuchelewa ni jambo la kawaida kabisa, hivyo uwe na namba ya mtu wa pili anayeijua mada, pamoja na mahojiano mafupi uliyokwisha kuyarekodi. Hapo ujuzi wako wa zamani utakufaa sana. Kabla ya siku yako, omba pia kusimamia dakika kumi ndani ya kipindi cha mwenzako.

SWALI: Mpiga simu akianza kumkashifu mtu hewani, nifanye nini?

JIBU: Simu ipokewe kwanza nje ya hewa na mtu mwingine, si mtangazaji, amwulize mpigaji jina, mahali alipo na hoja yake, na amwombe apunguze sauti ya redio iliyo karibu naye ili isirudi kwenye simu na kuvuma. Stesheni zenye kifaa cha kuchelewesha matangazo kwa sekunde chache huweza kuyafuta maneno kabla hayajatoka. Kama kifaa hicho hamna, fundi asiondoe mkono kwenye njia ya simu. Kashfa ikipita, ifungeni simu hiyo mara moja. Mtangazaji aseme kwamba kituo hakikubaliani na kauli hiyo, asiirudie hata kwa kuikanusha, na aendelee na mada. Wewe andika muda ilipotokea na uhifadhi rekodi ya kipindi, kwa sababu aliyetajwa akija kulalamika, jambo la kwanza mkuu wa kituo atakalotaka ni kuisikiliza.